Kufundisha Ugeuzaji wa Mipindo kuwa Matao ya Duara

Utangulizi

Katika masomo ya jometri ya shule ya msingi, duara hupewa nafasi yake ya kutosha. Mwanafunzi hufundishwa kitovu, nusukipenyo, kipenyo na mzingo; hufundishwa kushika bikari; kisha somo hufungwa. Lakini vitu vingi vinavyomzunguka mwanafunzi huyo havina umbo la duara kamili. Ubavu wa mashua, kamba ya kuanikia nguo, mgongo wa kiti cha seremala na ukingo wa kijiko vyote vina mistari iliyopinda, na mipindo hiyo haina kitovu kimoja. Katika makala haya neno mpindo litatumika kwa maana ya mstari wa namna hiyo, na neno tao litatumika kwa maana ya kipande cha duara tu.

Swali linalozuka ni hili: mpindo usio na kitovu utachorwaje kwa chombo kinachojua duara peke yake? Swali hili ni la kale, nalo limepata uzito mpya tangu kazi ya kuchora ramani za mitambo na majengo ilipoanza kufanywa kwa kompyuta. Programu nyingi za kuchorea zina amri ya kugeuza mpindo kuwa mfululizo wa matao. Kinachofanyika ndani ya amri hiyo si siri, wala hakihitaji hisabati isiyoweza kufikiwa na madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanachuo jinsi ya kulifundisha jambo hilo kwa ubao, chaki, uzi na rula, hata pale ambapo shule haina kompyuta hata moja. Jambo la msingi ambalo wanafunzi wapaswa kuondoka nalo ni kwamba kugeuza mpindo kuwa matao si kuiga sura yake. Ni kuamua kwanza kosa la kiasi gani linakubalika, kulipima, na kuhakikisha kwamba matao yanaungana bila kona.

Kwa nini mipindo hugeuzwa

Yafaa mwalimu awe na maelezo mafupi ya historia ili wanafunzi wauone umuhimu wa kazi yenyewe. Mwaka 1952, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, ilionyeshwa hadharani mashine ya kukata chuma iliyoongozwa kwa namba. Katika chuo hicho hicho, mwaka 1963, Ivan Sutherland alieleza programu yake iitwayo Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Sketchpad ilichora mistari iliyonyooka na matao ya duara.

Wakati huo huo viwanda vya magari vya Ufaransa vilihitaji mipindo ya namna nyingine, kwani bati la gari haliwezi kuelezwa kwa duara moja. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, akiwa katika kiwanda cha Citroën, alipata njia ya kuueleza mpindo kwa nukta chache zinazouvuta huku na huku. Pierre Bézier wa kiwanda cha Renault aliifikia njia ya namna hiyo kwa upande wake katika miaka ya 1960, na mipindo hiyo hujulikana hadi leo kwa jina lake.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mchoraji huchora mpindo wa Bézier, lakini lugha ya msingi ya mashine za kukata ina amri chache tu za mwendo. Amri ya G01 huiambia mashine iende kwa mstari ulionyooka. Amri ya G02 huiambia ifuate tao kwa kuzunguka upande wa mishale ya saa, na G03 ifuate tao kwa kuzunguka kinyume chake. Kwa hiyo mara nyingi mchoro hauna budi kutafsiriwa: mpindo uwe ama vipande vingi vya mistari iliyonyooka, ama matao machache. Hata programu ya AutoCAD, iliyotolewa mwaka 1982, ina amri ya kulainisha mstari wenye vipeo kwa kuweka jozi ya matao kati ya kila vipeo viwili vinavyofuatana.

Uta, upote na mshale

Kabla ya kuanza somo lenyewe, wanafunzi wahitaji njia ya kupata kitovu cha tao wasilolijua. Njia rahisi ya kuwaingiza ni kuwaletea uta darasani, au kuutengeneza kwa ufito na kamba. Tao ni uta. Mstari unaounganisha ncha zake mbili ni upote. Mstari unaotoka katikati ya upote na kufika katikati ya tao ni mshale uliowekwa tayari kurushwa. Wanajometri wa Kiarabu waliyaita mambo haya matatu kwa majina hayo hayo, yaani uta, upote na mshale, kwa hiyo mfano huu si wa kuwafurahisha watoto tu. Ni istilahi yenye heshima yake.

Kanuni ya kukumbuka ni hii:

Chukua nusu ya upote, uizidishe kwa yenyewe, ugawanye kwa mshale, kisha uongeze mshale. Jibu ni kipenyo cha duara.

Kwa mfano, upote ukiwa sentimeta 60 na mshale sentimeta 10, nusu ya upote ni 30. 30 mara 30 ni 900. 900 kugawanya kwa 10 ni 90. 90 na 10 ni 100. Kipenyo ni sentimeta 100, na nusukipenyo ni sentimeta 50. Wanafunzi walihakikishe jibu hilo kwa uzi na chaki kabla ya kuendelea. Mwanafunzi asiyeiona kanuni ikifanya kazi kwa mkono wake ataikariri leo na kuisahau kesho.

Kwa duara hilo hilo la nusukipenyo cha sentimeta 50, mwalimu aweza kuonyesha kwa nini mistari iliyonyooka haitoshelezi upesi. Upote wa sentimeta 60 huachana na tao kwa sentimeta 10. Upote wa sentimeta 30 huachana nalo kwa sentimeta 2.3. Upote wa sentimeta 15 huachana nalo kwa sentimeta 0.6 hivi. Kila upote ukipunguzwa nusu, mwachano hupungua hadi karibu robo, lakini idadi ya vipande huongezeka maradufu. Tao moja tu lingeifanya kazi yote bila mwachano wowote. Ndiyo sababu matao hupendelewa.

Somo lenyewe: mpindo mmoja, njia tatu

Mwalimu achore ubaoni mstari wa ulalo wenye urefu wa sentimeta 80, na katikati yake asimamishe mstari wa wima. Mahali mistari hiyo inapokutana paitwe chini, maana ndipo mpindo utakapogusa. Kutoka hapo wanafunzi wapime kwenda kulia na kushoto, na katika kila umbali wapande juu kwa kipimo kinachopatikana hivi: zidisha umbali kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa 80. Vipimo ni hivi:

Umbali wa sentimeta 10, kimo ni sentimeta 1.25.
Umbali wa sentimeta 20, kimo ni sentimeta 5.
Umbali wa sentimeta 30, kimo ni sentimeta 11.25.
Umbali wa sentimeta 40, kimo ni sentimeta 20.

Nukta za katikati zaweza kuongezwa kwa kanuni hiyo hiyo. Zikiunganishwa kwa mkono mwepesi, hutokea mpindo mfano wa bakuli pana. Mpindo huu huitwa parabola, na hauna kitovu. Sasa darasa ligawanywe katika makundi matatu.

Njia ya kwanza: tao moja. Kundi la kwanza litumie nukta tatu tu, yaani ncha mbili na chini. Upote ni sentimeta 80 na mshale ni sentimeta 20. Kwa kanuni yetu, kipenyo ni 100 na nusukipenyo ni 50. Kitovu kiko sentimeta 50 juu ya chini, kwenye mstari wa wima. Tao likichorwa kwa uzi, litapita katika nukta zote tatu bila kasoro. Lakini kwenye umbali wa sentimeta 30, tao liko kwenye kimo cha 10, na mpindo uko kwenye 11.25. Hapa mwalimu aulize: mwachano ni kiasi gani? Wengi watajibu sentimeta 1.25. Waonyeshwe kwamba mwachano hupimwa kwa kuuvuta uzi kutoka kwenye kitovu, si kwa wima, na kwa njia hiyo ni karibu sentimeta 1. Huo ndio karibu mwachano mkubwa kupita yote katika njia hii.

Njia ya pili: matao mawili. Kundi la pili liugawe mpindo katikati. Kwa upande wa kulia litumie nukta ya chini, nukta ya umbali wa 20 na nukta ya umbali wa 40. Nukta ya kwanza na ya pili ziunganishwe kwa mstari, vivyo hivyo ya pili na ya tatu. Kila mstari ukatwe katikati kwa mstari mwingine wa pembemraba. Mistari hiyo miwili ya pembemraba ikirefushwa, hukutana kwenye kitovu, ambacho kiko sentimeta 57.5 juu na sentimeta 3.75 kushoto mwa mstari wa wima. Upande wa kushoto hufanywa vivyo hivyo, na kitovu chake huangukia sentimeta 3.75 upande wa kulia. Mwachano mkubwa sasa ni karibu milimeta 4 tu.

Kundi hili litashangilia, maana kosa limepungua zaidi ya nusu. Mwalimu asiwakatize. Awaombe tu wapitishe kidole polepole kwenye mstari wao, wakipita mahali matao yanapokutana. Watasikia kona. Ni ndogo, kama digrii 7 hivi, lakini ipo, na jicho likishaiona haliwezi tena kuisahau. Mashine ikiufuata mstari huo, itaacha alama mahali hapo.

Njia ya tatu: matao matatu yanayoungana vyema. Kona ilitoka wapi? Wanafunzi wavitazame vitovu viwili vya kundi la pili. Kila kimoja kilitafutwa bila kumjali mwenzake, nao umbali wa sentimeta 7.5 umevitenga. Kutoka kwenye kiungo, uzi mmoja huelekea kushoto kidogo na mwingine kulia kidogo. Hapo ndipo mwalimu atoe kanuni iliyo kiini cha somo:

Matao mawili huungana bila kona pale tu kiungo na vitovu vyote viwili vinapokuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Kundi la tatu sasa lianze na tao la chini, linalopita kwenye nukta za umbali wa 20 kwa pande zote mbili. Upote ni sentimeta 40 na mshale ni sentimeta 5, hivyo kipenyo ni 85 na nusukipenyo ni 42.5. Kitovu kiko sentimeta 42.5 juu ya chini. Kisha kutoka kwenye kiungo cha kulia lichore mstari unaopita kwenye kitovu hicho, na liurefushe mbele yake. Kitovu cha tao la pili lazima kiwe juu ya mstari huo na si penginepo. Nukta ya umbali wa 20 na ile ya umbali wa 40 ziunganishwe, na mstari wa pembemraba upitishwe katikati. Mahali unapoukuta ule mstari uliorefushwa ndipo kitovu kilipo: karibu sentimeta 77 juu ya chini na sentimeta 18.5 kushoto. Nusukipenyo ni karibu sentimeta 82. Upande wa kushoto hufuata mfano huo huo.

Matokeo yatawashangaza. Kona hakuna, na mwachano haufiki milimeta 1 mahali popote. Unene wa mstari wa chaki wenyewe umeupita mwachano huo. Kundi la pili lilitumia matao mawili likapata milimeta 4 na kona. Kundi la tatu limeongeza tao moja tu, na kosa limetoweka machoni. Tofauti haikuletwa na wingi wa matao peke yake. Imeletwa pia na kuyakata mahali panapofaa na kuyatii masharti ya kiungo.

Kompyuta hufanya nini

Baada ya zoezi hili wanafunzi wataielewa kazi ya kompyuta bila ya kuiona. Programu huchukua sehemu ya mpindo na kulitafuta tao linaloifaa. Hupima mwachano mkubwa na kuulinganisha na kiasi kilichowekwa na mtumiaji. Mwachano ukizidi kiasi hicho, programu huigawa sehemu hiyo na kuanza upya. Usipozidi, huendelea na sehemu inayofuata. Programu zilizotungwa vizuri hulitimiza pia sharti la kiungo, mara nyingi kwa kutumia matao mawili mawili kama tulivyoona.

Lakini kiasi cha mwachano unaoruhusiwa huwekwa na binadamu. Kompyuta haijui kama kinachochorwa ni mlango wa zizi au jino la mtambo. Jambo hili lidhihirishwe kwa kuwaagiza wanafunzi warudie njia ya kwanza katika madaftari yao, kila kipimo kikigawanywa kwa 10. Upote utakuwa sentimeta 8, mshale sentimeta 2 na nusukipenyo sentimeta 5. Mwachano uliokuwa sentimeta 1 ubaoni sasa ni milimeta 1, karibu na unene wa penseli butu. Tao lile lile moja, lililokuwa na kasoro ubaoni, latosha daftarini. Hakuna tao lililo sahihi kwa kila kazi. Usahihi hutegemea ukubwa wa kitu na matumizi yake.

Jinsi ya kusahihisha

Hapa ndipo mwalimu mchanga aweza kuliharibu somo zima kwa kalamu nyekundu. Tumezoea kusahihisha michoro kwa kuitazama: huu umefanana, huu haukufanana. Katika kazi hii mazoea hayo hayafai. Yafaa kila mwanafunzi aandike juu ya mchoro wake, kabla ya kuanza, mwachano atakaouruhusu. Na akimaliza, aandike mwachano alioupima. Mwanafunzi aliyetumia tao moja na kuandika kwamba mwachano ni sentimeta 1 amefanya kazi ya kweli. Aliyechora mpindo wa kupendeza kwa mkono, bila kipimo chochote, hajalifanya zoezi hata kama mchoro wake unavutia kuliko yote darasani.

Aidha, mwalimu aangalie viungo vyote, na amtake mwanafunzi aviache vitovu na mistari ya kusaidia vionekane. Anayeifuta mistari hiyo kwa ajili ya usafi huwa amefuta ushahidi wa fikira zake.

Tahadhari kuhusu duaradufu

Kuna umbo moja ambalo huwapotosha wanafunzi kwa urahisi. Mwaka 1545 Sebastiano Serlio, mjenzi wa Italia, alichapisha njia kadhaa za kuchora umbo la yai kwa matao manne. Mojawapo ni hii: chora duara mbili zilizo sawa, kila moja ikipita kwenye kitovu cha mwenzake. Mahali mbili zinapokatana ndipo vilipo vitovu vya matao makubwa ya juu na ya chini, ambayo nusukipenyo chake ni maradufu ya kile cha duara. Viungo vyote hutii kanuni yetu, hivyo umbo ni laini.

Duara zikiwa na nusukipenyo cha sentimeta 20, umbo litakuwa na urefu wa sentimeta 60 na upana wa sentimeta 45.4 hivi. Sasa lichorwe duaradufu la kweli lenye vipimo hivyo hivyo kwa njia ya misumari miwili na uzi. Mistari hiyo miwili haitaachana zaidi ya milimeta 5 popote. Ni jirani sana, lakini si kitu kimoja. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba umbo la matao manne ni duaradufu amewapa uongo mdogo ambao walimu wa madarasa ya mbele watapata taabu kuung'oa. Na aseme kwamba umbo hilo hukaribia duaradufu, kisha awaachie wanafunzi wapime ni kwa kiasi gani.

Hitimisho

Kugeuza mpindo kuwa matao humfundisha mwanafunzi mambo ambayo sura nyingine za jometri humfundisha kwa shida: kwamba kukaribia ni kazi yenye sheria zake, kwamba kosa lapaswa kutajwa kwa namba, na kwamba sehemu zilizo sawa kila moja peke yake zaweza kuharibika zinapounganishwa. Mwanafunzi atakayefika siku moja kwenye karakana au mbele ya kompyuta ya kuchorea ataulizwa kiasi cha mwachano anachotaka. Aliyepitia somo hili atajua anaulizwa nini, naye hatajaza namba kwa kubahatisha.

Mazoezi kwa walimu wanachuo

1. Tafuta nusukipenyo cha tao lenye upote wa sentimeta 48 na mshale wa sentimeta 6. Hakikisha jibu lako kwa uzi.
2. Ning'iniza kamba kati ya misumari miwili mbele ya ubao, nakili mpindo wake kwa chaki, kisha ugeuze kuwa matao matatu yasiyo na kona. Pima mwachano mkubwa.
3. Andaa somo la dakika 40 juu ya kanuni ya kiungo, ukitumia vitu vinavyopatikana katika mazingira ya shule yako. Onyesha utakavyompima mwanafunzi ambaye mchoro wake ni mzuri lakini hana vipimo.